Maisha ya Louis Zborowski, Mjenzi wa Motokaa za Nguvu

Muhula uliopita, Jumamosi moja jioni, tulionyeshwa ukumbini sinema ya Chitty Chitty Bang Bang, iliyotengenezwa mwaka 1968 kutokana na hadithi ya Ian Fleming iliyochapishwa mwaka 1964. Ni sinema ya watoto. Motokaa iliyomo yaelea majini na kuruka angani, na vijana wa vidato vya chini walicheka hata machozi yakawatoka. Nami nilicheka. Lakini kabla ya sinema kuanza mwalimu wetu wa fizikia alikuwa ametuambia kwamba motokaa yenye jina linalokaribiana na hilo iliwahi kuwako kweli, wala haikuruka, bali ilivutwa na injini ya ndege. Basi usiku ule bwenini sikulala upesi. Nilitaka kujua ni nani aliyeijenga, na aliijengea wapi, kwa maana mimi nimeshika spana tangu nilipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Nilitafuta katika maktaba nikasoma yote niliyoyapata. Leo napenda kuwasimulia maisha ya mtu huyo, na pia kwa nini maisha yake yamenigusa mimi niliye mbali naye kwa nchi, kwa mali na kwa miaka.

Jina lake lilikuwa Louis Zborowski. Alizaliwa tarehe 20 Februari 1895. Watu walimwita Count, nacho ni cheo cha makabaila wa Ulaya. Jina la ukoo lilikuwa la Kipolandi, ingawa baba yake, William Eliot Zborowski, alizaliwa Marekani. Mama yake, Margaret, alikuwa Mmarekani wa jamaa ya Astor, watu waliotajirika sana kwa ardhi ya mji wa New York. Kwa hiyo mtoto huyu hakujua njaa wala viatu vilivyotoboka.

Baba yake alipenda farasi, na motokaa zilipoanza kuonekana akazipenda kuliko farasi. Akawa mshindani wa mbio. Tarehe 1 Aprili 1903 aliingia katika mashindano ya kupanda mlima wa La Turbie, karibu na Nice, kusini ya Ufaransa, akiendesha Mercedes. Penye kona motokaa iligonga mwamba, naye akafa. Husimuliwa kwamba kifungo cha mkono wa shati lake kilinasa katika kishikizo cha kutilia mafuta, motokaa ikaenda mbio asipotaka. Louis alikuwa na umri wa miaka minane.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini kidogo. Marehemu baba yangu alikuwa dereva wa lori katika barabara itokayo Mombasa kuja Kampala. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja lori lake liliposhindwa kusimama katika mteremko. Mama alitulea sisi wanne kwa kuuza maharage sokoni Tororo, na tangu siku ile hakupenda kunisikia nikitaja habari za motokaa. Aliniambia nisome, niwe karani, mwalimu au daktari, lolote lile, ila si dereva wala fundi. Kwa hiyo nilitaka kujua mama wa Louis alifanya nini.

Mama yule aliendelea kumlea mwanawe Uingereza. Mwaka 1910 alinunua nyumba kubwa iitwayo Higham, karibu na mji wa Canterbury katika mkoa wa Kent. Mwaka uliofuata, 1911, akafa. Louis alikuwa na umri wa miaka kumi na sita tu, na nyumba ile, na mamilioni ya pauni, na viwanja vya New York, vyote vikawa vyake. Hapakuwa na mtu wa kumkataza kitu.

Sasa nije kwenye kazi yake, ndiyo iliyonivuta. Vita Kuu vya 1914 hata 1918 vilipokwisha, zilibaki Ulaya injini nyingi za ndege zisizokuwa na kazi. Ujerumani ilikatazwa kwa mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 kuwa na ndege za vita, na hata nchi zilizoshinda zilikuwa na injini kuliko zilizohitaji. Injini zilizogharimu fedha nyingi wakati wa vita sasa ziliuzwa kwa bei ya kuondolea mzigo. Louis aliona nafasi. Kama injini yaweza kubeba ndege na mabomu, je, ikifungwa katika motokaa itakuwaje?

Nyuma ya nyumba ya Higham palikuwa na mazizi ya farasi. Humo alifanya karakana yake. Hakuijenga motokaa peke yake, nami napenda jambo hili likumbukwe, kwa kuwa mara nyingi sifa humwendea mwenye fedha. Aliyepiga hesabu za kazi hii ni Kapteni Clive Gallop, fundi aliyepata pia kumsaidia W. O. Bentley kutengeneza injini yake ya kwanza ya lita 3. Walichukua chesisi ya Mercedes ya zamani, wakairefusha, wakaweka ndani yake injini ya Kijerumani ya Maybach yenye silinda 6. Ukubwa wake ulikuwa sentimita za ujazo 23,093, yaani lita 23 na zaidi kidogo.

Huenda msomaji asiyejua injini asione uzito wa tarakimu hizo. Peugeot 404, motokaa ambayo wazee wetu wote waijua, ina injini ya lita 1.6 hivi. Silinda moja tu ya Maybach ile ilikuwa na nafasi kuliko injini mbili nzima za 404. Upana wa kila pistoni ulikuwa sentimita 16 na nusu, sawa na sufuria ndogo ya kupikia uji. Nguvu zake zilikuwa kama farasi 300. Tena injini hiyo haikuzunguka upesi. Ilitoa nguvu zake zote kwa mizunguko 1,500 hivi kwa dakika, hali ile ya 404 yataka zaidi ya 5,000. Kwa hiyo haikupiga kelele nyembamba, bali ilipiga mishindo mizito iliyotengana, kama mtu atwangaye kinu. Husemwa kwamba ndiko lilikotoka jina la motokaa hiyo, Chitty Bang Bang.

Jina la Maybach si geni kabisa katika habari za Afrika ya Mashariki. Novemba 1917 Wajerumani walituma chombo kikubwa cha angani, Zeppelin L 59, kutoka Bulgaria kuleta silaha na dawa kwa jeshi la Jenerali von Lettow-Vorbeck lililokuwa likipigana katika Afrika ya Mashariki ya Kijerumani. Kiliendeshwa kwa injini tano za Maybach. Kilifika Sudan kikaamriwa kurudi, kikarudi salama hata Bulgaria. Kiwanda hichohicho ndicho kilichotoa moyo wa Chitty.

Namna ya kufikisha nguvu hizo kwenye magurudumu ilikuwa ya zamani. Badala ya shafti moja kwenda nyuma kama motokaa za leo, palikuwa na minyororo miwili, mmoja kila upande, kama mnyororo wa baiskeli lakini mnene sana. Kwa sababu injini ilikuwa nzito mno upande wa mbele, sehemu ya nyuma ya bodi ilitiwa mchanga, ili magurudumu ya nyuma yapate kuikamata njia. Breki zilikuwa za nyuma tu, maana ndiyo desturi ya chesisi za miaka ile, na magurudumu ya mbele hayakuwa na breki hata kidogo. Nawaomba mlikumbuke neno hilo la breki.

Pasaka ya mwaka 1921 Louis aliileta Chitty katika uwanja wa Brooklands, mkoa wa Surrey. Uwanja huo ulifunguliwa mwaka 1907. Ulikuwa njia ya saruji ya kuzunguka, urefu wake maili 2 na robo tatu, na penye kona ulinuliwa kama ukingo wa bakuli ili motokaa zisiteleze kwenda nje. Watu waliiona motokaa yenye bodi ya watu wanne, kubwa kama kitu cha mzaha, wakacheka. Siku hiyo Chitty ilishinda mbio mbili, na mwendo wake ulikuwa zaidi ya maili 100 kwa saa. Kicheko kikageuka makofi. Louis alikuwa na umri wa miaka 26.

Aliyepata sifa siku moja hutaka nyingine kesho. Mwaka huohuo akajenga Chitty ya pili, yenye injini ya ndege ya Benz ya lita 18.8. Hiyo ilikuwa ya barabarani kuliko ya uwanjani. Mwanzo wa mwaka 1922 yeye na mkewe Violet na rafiki zao walivuka bahari wakaenda nayo Algeria mpaka kingo za jangwa la Sahara. Ikafuata Chitty ya tatu, yenye injini ya ndege ya Mercedes. Ile ya pili ipo mpaka leo na huonyeshwa kwa watu.

Wakati huo alikuwa pia mfadhili wa wengine. Kampuni changa ya Aston Martin ilikuwa na shida ya fedha, naye akaitegemeza, na mwaka 1922 motokaa zake mbili zikashindana katika Grand Prix ya Ufaransa mjini Strasbourg. Mwaka 1923 alikwenda Marekani akashindana Indianapolis kwa Bugatti. Watu wa zama zake walimwona dereva hodari, wala si tajiri mchezaji tu.

Lakini mwaka wa 1922 ulikuwa na siku mbaya. Alikuwa Brooklands akiijaribu Chitty ya kwanza. Motokaa ikiwa katika mbio, mpira wa mbele ukapasuka. Chitty ikaacha njia, ikapita mfereji, ikakivunja kibanda cha wapima saa. Mmoja wa wasimamizi alikatika vidole vitatu. Louis alitoka mzima. Nilisoma jambo hilo mara mbili. Yeye mwenye injini hakupata hata jeraha, na aliyekatika vidole ni mtu aliyekuja kazini kupima saa.

Hapa yanipasa niseme habari yangu. Mjomba wangu, ndugu yake mama, ana gereji ndogo chini ya mwembe, upande wa nyuma wa nyumba yake. Huko ndiko nilikojifunzia, na mama alijua nusu tu. Miaka miwili iliyopita mjomba alinunua Peugeot 404 ya mwaka 1965 kutoka kwa mwalimu mstaafu. Bodi yake ilikuwa nzima, ila injini ilikuwa imekufa. Mjomba akapata injini ya petroli ya lita 3 katika motokaa iliyogongwa nyuma. Tulifanya kazi likizo tatu. Tulikata vishikio vya zamani tukachomelea vipya, tukasogeza rejeta, tukatafuta giaboksi iliyokubali, tukafupisha shafti kwa fundi wa mjini. Nilichora kila kitu katika daftari la hesabu. Siku injini ilipowaka kwa mara ya kwanza majirani walikuja, na mjomba alinipa mkono kama mtu mzima mwenzake.

Jumapili iliyofuata tuliipeleka katika barabara ya udongo yenye mteremko mdogo. Mjomba aliendesha, mimi nikakaa kando yake. Ilikwenda vizuri mno. Katika nafasi ambayo 404 ya kawaida ingekuwa bado yavuta pumzi, sisi tulikwisha kufika mwisho wa mteremko. Mjomba alikanyaga breki. Motokaa ikapungua mwendo kidogo, ikaendelea. Alikanyaga tena kwa miguu miwili. Tulipita njia panda, tukapita mwanamke aliyebeba kuni, tukaingia katika shamba la muhogo, ndimo tuliposimama. Hakuna aliyeumia. Yule mama aliziweka kuni chini akatutazama kwa muda mrefu, wala hakusema neno. Tuliporudi nyumbani mjomba alilipa muhogo wa watu, nami nilimwambia mama kwamba tulikwama.

Sasa mwajua kwa nini nilipokuwa nikisoma habari za kibanda cha Brooklands nilihisi joto usoni. Sisi tulibadili injini, na breki tukaziacha zilezile za ngoma za mwaka 1965. Mwalimu ametufundisha kwamba nishati ya kitu kiendacho huongezeka kwa mraba wa mwendo wake. Motokaa ikienda mara mbili upesi zaidi, breki zina kazi mara nne. Nilijua hesabu hiyo. Niliijibu katika mtihani nikapata alama zote. Hata hivyo, chini ya mwembe haikunijia kabisa.

Turudi kwa Louis. Mwaka 1923 na 1924 alikuwa katika kazi yake kubwa kuliko zote, motokaa iliyoitwa Higham Special. Safari hii alichukua injini ya ndege ya Kimarekani, Liberty, yenye silinda 12 na ukubwa wa lita 27, nguvu zake farasi 450 hivi. Giaboksi yake ilitoka katika motokaa ya mbio ya Benz ya kabla ya vita, na minyororo ilitumika tena. Pembeni mwa kazi hiyo alikuwa na mapenzi mengine, reli ndogo. Katika shamba la Higham alitandika reli ya upana wa inchi 15 tu, yenye treni ya kweli ya moshi. Yeye na rafiki yake Kapteni Howey walifanya shauri la kujenga reli ya namna hiyo ya kuchukua abiria, naye akaagiza vichwa viwili vya treni.

Wala Higham Special wala reli hakuziona zikikamilika. Mwaka 1924 aliingia katika kikosi cha Mercedes, kampuni ileile ambayo motokaa yake ilimchukua baba yake. Tarehe 19 Oktoba, katika Grand Prix ya Italia huko Monza, motokaa yake iliacha njia ikagonga mti. Alikufa, na fundi aliyekaa kando yake akapona. Alikuwa na umri wa miaka 29. Husimuliwa kwamba alikuwa amevaa vifungo vile vya mikono vya baba yake, na wasimulizi wengi hulipenda jambo hilo. Alizikwa Burton Lazars katika mkoa wa Leicestershire, karibu na wazazi wake wawili.

Kazi za mtu haziishi siku anayokufa. Kapteni Howey alivichukua vile vichwa viwili vya treni, akajenga reli ya Romney, Hythe na Dymchurch pwani ya Kent. Ilifunguliwa mwaka 1927, na mpaka leo yabeba abiria, wengi wao watoto. Chitty ya kwanza iliuzwa mkono kwa mkono, mwisho ikaachwa kuoza na kutolewa vipuri. Higham Special ilinunuliwa kwa pauni 125 na J. G. Parry-Thomas, mhandisi hodari kutoka Wales. Aliitengeneza upya akaiita Babs. Tarehe 28 Aprili 1926, juu ya mchanga wa Pendine huko Wales, aliiendesha kwa maili 171 kwa saa, mwendo ambao hakuna mtu aliyewahi kuufikia juu ya ardhi. Mwaka uliofuata mwingine akamshinda, naye tarehe 3 Machi 1927 akarudi Pendine kuirudisha sifa yake. Babs ikapinduka, Parry-Thomas akafa.

Rafiki zake walichimba shimo palepale mchangani wakaizika motokaa. Ikakaa humo miaka 42. Mwaka 1969 mwalimu mmoja wa ufundi wa huko Wales, Owen Wyn Owen, alipata ruhusa akaifukua, imeliwa na chumvi na kutu. Aliipeleka katika gereji yake ya nyumbani, na kwa miaka mingi akaitengeneza kipande kwa kipande hata injini ikawaka tena. Muda wote huo watu walikuwa wameamini kwamba mnyororo ulikatika ukamwua dereva. Ilipochunguzwa, wengi wakaona kuwa huenda lililoanza kuvunjika ni gurudumu la nyuma. Injini ya lita 27 ilikuwa na nguvu za kutosha. Gurudumu ndilo lililoshindwa kuzibeba.

Wasomaji wapenzi, wako watakaosema kwamba Louis Zborowski alikuwa mtoto wa tajiri aliyechezea mali na roho yake. Mimi siwezi kumsema hivyo. Mtu asiyependa kazi hafungi injini ya ndege katika zizi la farasi. Angeweza kununua motokaa yoyote duniani, lakini alitaka ile ambayo haikuwako. Alizitambua thamani za watu kama Gallop, akawapa nafasi. Aliwasaidia waliokuwa na akili bila fedha. Haya ni mema, na mwenye haki atayataja.

Lakini liko neno moja ambalo maisha yake yamenifundisha. Nguvu hupatikana upesi. Kwake ilikuwa sanduku lililobaki vitani, na kwetu ilikuwa injini ya motokaa iliyogongwa. Lililo gumu ni vitu vile visivyopigiwa makofi, yaani mpira, gurudumu, ekseli na breki. Hakuna jirani ajaye chini ya mwembe kutazama breki. Ndiyo maana huachwa mwisho, na mara nyingine husahauliwa kabisa, na gharama yake hulipwa na mpima saa au mbeba kuni.

Likizo iliyopita nilimsomea mama maisha haya. Sikuyasoma yote mara moja. Nilipofika penye kibanda cha Brooklands nilisimama, nikamwambia habari ya shamba la muhogo kama ilivyokuwa. Alinyamaza akaendelea kuchagua maharage. Baadaye aliniuliza umri wa Louis alipofiwa na baba, na umri wake alipokufa. Nilimwambia. Hakunikataza kwenda gereji, wala hakunipa ruhusa. Jioni alikwenda mwenyewe kwa kaka yake. Walizungumza nje, mimi nikiwa mbali, na sauti ya mama ilikuwa juu kwa muda, kisha ikashuka.

Asubuhi aliniita akanipa fedha zilizofungwa katika kitambaa. Katika kazi yetu yote ya likizo tatu mama hakutoa hata shilingi moja kwa ajili ya injini, nasi hatukumwomba. Fedha hizo alisema ni za breki, na akataka aonyeshwe breki zenyewe kabla hazijafungwa. Tena aliweka sharti kwamba motokaa haitatoka nyumbani mpaka imepakiwa mawe, imeshushwa mteremko, na kusimama mbele ya macho yake mara kumi.

Ninapoandika haya 404 iko juu ya matofali chini ya mwembe, haina magurudumu. Injini imefunikwa gunia. Tumekwisha kupata diski na kalipa za mbele kutoka motokaa nzito zaidi, lakini hazikubaliani na vitovu vya magurudumu vya 404, na itatupasa kuchonga vipande vya kuziunganisha. Mjomba amechora namna moja, mimi nimechora nyingine, na hatujapatana. Kama yuko mwanafunzi wa zamani wa shule hii aliye fundi wa mashine ya kuchongea chuma, au aliyepata kufanya kazi ya namna hiyo, namwomba aniandikie kwa anwani ya shule. Nitampelekea vipimo vyote. Likizo ya Desemba si mbali, na mama amekwisha kuanza kukusanya mawe.